Seremala wa Heru Juu na Msichana Aliyekataa Dawa

Ilikuwa mwaka 2015. Hapana, nisiwadanganye. Mwaka 2015 barabara ya Makere ilijaa mabasi ya wakimbizi kutoka Burundi, na mimi nilipopita pale na kauntabuku ya Venanti kwapani barabara ilikuwa tupu, vumbi langu mwenyewe na la lori moja la mihogo. Basi ni 2014, Septemba kuingia Oktoba, mvua inatishia tu na haijanyesha. Tuandike 2014 tusonge mbele.

Kazi yangu ni kunoa misumeno. Nina tupa tatu, koleo ndogo ya kupangia meno, na miguu. Mafundi seremala kutoka Kasulu hadi Kibondo wananijua. Nikikohoa tu barabarani wanatoa misumeno yao iliyochoka na kuniwekea kigoda. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali mnisahihishe kimoyomoyo, mwendelee kusoma.

Nataka kumweleza Venanti Ndayikunda, fundi wa Heru Juu. Watu wakimtaja siku hizi wanamtaja kwa vitanda vyake, na vitanda ni vizuri, sikatai. Hata milango. Hata majeneza, maana mbao za jeneza anazipiga randa mpaka upande wa ndani, ambao hakuna atakayerudi kumsifia. Lakini mimi namjua kwa jambo jingine.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 wakatua Munanila, na yeye akazaliwa hapo, upande huu. Karatasi zake za uraia amezitengenezea fremu ya mninga, zimening'inia karakanani juu ya benchi, kila mteja azione kabla hajaiona bei. Heru Juu alikuja kwa sababu ya Evaline, mkewe, Muha wa hapo hapo. Alimfuata mke kwao, na mashemeji mpaka leo wanamtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Anacheka. Ni mtu wa kucheka taratibu, mabega yanatangulia.

Sasa jambo lenyewe. Venanti anaandika vitabu.

Haandiki kama wanavyoandika watu wengine. Sentensi anaianzia kwenye mbao, kwa ile penseli bapa ya useremala. Anaandika, anarudi nyuma hatua mbili, anaipindia kichwa kama mtu anayepima ulalo wa mlango. Ikimchukiza, anaipiga randa. Ikimpendeza, anaihamishia kwenye kauntabuku kwa kalamu ya wino. Zipo zilizomponyoka zikaenda kwa wateja. Kagerankanda nimeona kitanda ambacho kwa chini kimeandikwa: "Akafungua mlango, akamkuta bibi yake, kijana kama yeye." Mwenye kitanda alitaka kujua kama huo ni uchawi. Nikamwambia ni fasihi. Akaniuliza kama inatibika.

Vitabu vyenyewe ni vitatu, vya vijana, na vinafuatana. Kuna mji unaitwa Buhoro. Serikali ya Buhoro imepata dawa, na kila mtu akitimiza miaka ishirini anakunywa kikombe kimoja mbele ya viongozi, na hapo hapo anasimama: hazeeki tena, wala hafi. Kwa vile hakuna anayekufa nafasi imekwisha, na kuzaa kumepigwa marufuku. Watoto wachache waliozaliwa kwa siri wanaitwa Waliozidi. Mmoja wao ni msichana anayeitwa Niyomwungere, Niyo kwa kifupi, na yeye ndiye mwenye hadithi.

Kilichowapendeza watu wa kwetu si mapigano. Ni shida ya salamu. Buhoro wote wana sura ya miaka ishirini. Bibi, mama na mjukuu wakisimama pamoja utadhani ni mapacha. Sasa nani amwamkie nani? Serikali ikamvalisha kila mtu kibati shingoni chenye idadi ya miaka yake, na kabla ya kusema shikamoo unainama kwanza unasoma kibati. Kuna sura nzima katika kitabu cha kwanza ambamo wawili wanabishana njiani nani ampe mwenzake heshima, mpaka mvua inawakuta, na vibati vikifutwa maji mmoja ana miaka mia tatu na nne na mwenzake mia tatu na nne na nusu. Sura hiyo nimeisikia ikisomwa kwenye magenge ya kahawa na wazee ambao hawajawahi kushika kitabu cha vijana.

Havikuchapishwa popote. Vilitembea kwa mkono. Mwalimu Abdulrahmani, mtu wa Tanga aliyepangiwa kufundisha Kiswahili sekondari moja ya huku, ndiye aliyeweka sheria: ukitaka kusoma kitabu cha fundi, unanakili sura moja kwanza, unamwachia anayekufuata. Kwa njia hiyo kitabu cha kwanza kilizaa nakala kama sungura. Kufikia mwisho wa cha pili zilikuwa zimeshafika Kasulu mjini, Munanila, hata Kibondo.

"Wallahi mzee Pasikali," mwalimu aliniambia siku moja, "huyu fundi Kiswahili chake kina Kirundi ndani kama mawe kwenye mchele. Lakini nautafuna wote."

Sasa niwaeleze kosa, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kusimulia. Lilikuwa kosa la mapenzi.

Kwa watu wa asili ya Venanti jina halirithiwi. Mtoto hapewi la baba wala la babu. Anapewa lake peke yake, linalotokana na siku aliyozaliwa na shida za siku hiyo. Binti yake wa pekee alizaliwa miguu ikitangulia, mama amebaki hoi, mkunga anaomba kwa sauti, na Venanti nje ya mlango akasema: Niyomwungere. Maana yake, Yeye ndiye mchungaji. Kanisani wakaongeza Esteri. Basi Heru Juu nzima alikuwapo Niyomwungere mmoja tu. Na miaka ishirini baadaye, mwaka 2012, Venanti alipotafuta jina la msichana jasiri wa kitabu, hakulitafuta mbali.

Vitabu viwili vikapita bila shida. Evaline alikuwa hata akijisifia kisimani.

Siku ya shida mimi nilikuwa pale, nimekaa kwenye kigoda nanoa msumeno mkubwa. Evaline alikuwa uani anaanika mihogo. Akaja Loyce, msichana wa kidato cha nne, mwembamba, mdomo haupumziki, ambaye wenzake walimtuma kila wiki kufuata sura mpya ya kitabu cha tatu, cha mwisho.

"Shikamoo fundi. Shikamoo babu."

"Marahaba. Sura ya kumi na mbili haijakauka," Venanti akasema.

"Fundi, Novemba tuna mtihani. Tukimaliza kila mtu na kwao. Mimi narudi Kagerankanda, nani ataniletea mwisho huko?"

"Vumilia kidogo."

"Basi tuambie kwa mdomo. Bweni limegawanyika, watu hawasalimiani. Wengine wanasema Niyo atakunywa dawa. Sisi tunasema hawezi, alishaapa. Na asipokunywa, na ile homa uliyompa sura ya kumi na moja, si anakufa?"

Venanti akaanza kutafuta penseli, nayo iko sikioni.

"Ndiko kitabu kinakoelekea," akasema. "Mji mzima haujawahi kuona mtu akifa. Lazima aanze mmoja, ili wengine waache kuogopa."

"Niliwaambia!" Loyce akaruka, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Niliwaambia! Niyomwungere anakufa!"

Uani ungo ukaanguka.

"Nani anakufa?" Evaline alikuwa ameshafika mlangoni, mikono imejaa unga wa mihogo. "Rudia, mwanangu. Nani?"

Loyce akanitazama mimi. Mimi nikaitazama tupa yangu.

"Wa kwenye kitabu, Mama Esteri," Venanti akasema.

"Wa kwenye kitabu anaitwa nani?"

Venanti akaokota msumari sakafuni.

"Mikono hiyo hiyo inayopigilia majeneza ya tarafa nzima, ndiyo inamwandikia mwanangu homa? Yuko Niyomwungere mwingine hapa Heru Juu? Mzee Pasikali, wewe unatembea. Umemwona mwingine?"

Nilikuwa nimemwona mmoja, upande wa Munanila, lakini ni mwanamume mwenye kipara anayefuga mbuzi, na sikuona kama angesaidia. Nikaipuliza tupa.

"Nitambadilisha jina," Venanti akasema.

"Fundi!" Loyce akasahau kulia. "Nakala zimejaa mpaka Kibondo! Mtu anafika kitabu cha tatu anabadilisha jina kama mwizi wa baiskeli?"

"Hata akimbadilisha," Evaline akasema. "Watu wameshamjua. Mwanangu atakuwa amekufa kwa jina la bandia, ndiyo nafuu hiyo? Mpe dawa anywe, aishi."

"Akinywa dawa, vitabu vyote viwili vinakuwa uongo."

"Basi viwe uongo. Uongo haujazikwa."

Akaichukua kauntabuku benchini, akaenda nayo jikoni, akaiweka juu ya kigoda chake, akaikalia. Na aliikalia kweli, siku tatu. Akinyanyuka kusonga ugali anaibana kwapani.

Siku hizo tatu hakuna randa iliyosikika. Mlango wa mteja ulisimama ukutani bila bawaba. Venanti aliandika sentensi kwenye mbao akazifuta, akaandika akazifuta, mpaka ubao mmoja wa mkurungu ukawa mwembamba kama rula. Mimi nilimaliza misumeno yake yote nikaanza kunoa visu vya majirani ili nipate sababu ya kubaki. Ndiyo tabia yangu, na sijivunii.

Mwalimu Abdulrahmani akaja kusuluhisha. Alikaa jikoni kwa adabu, akaeleza kwamba katika fasihi mhusika ni mhusika na mtu ni mtu, hawachanganywi.

"Mwalimu," Evaline akamwambia, "kwenu Tanga mtu akiandika jina lako kwenye karatasi, chini yake akaandika na kifo chako, wewe unafanyaje?"

Mwalimu akafikiri. Ni mkweli yule.

"Kwetu Tanga, mama, ningehama."

Usuluhishi ukaishia hapo, wakanywa chai.

Siku ya nne Venanti akaja jikoni mwenyewe, akachuchumaa mbele ya mkewe. "Mwenye jina yuko hai," akasema. "Ana akili zake. Aulizwe yeye."

Esteri wakati huo alikuwa Kibondo, anauza katika duka la dawa muhimu karibu na soko. Walikuwa wamejaribu kumpigia simu, lakini jambo kama hilo halielezeki kwa simu. Salio lilikwisha wakiwa bado kwenye salamu. Na mimi safari yangu iliyofuata ilikuwa Kibondo.

Evaline alikubali upesi kuliko nilivyotazamia, kwa sababu alikuwa na hakika binti atakataa kufa. Venanti alikuwa na hakika binti atapenda ukweli. Kila mmoja alimjua mtoto wake. Nikakabidhiwa kauntabuku, nikakabidhiwa na kilo kadhaa za maharage ya kumpelekea, na onyo.

"Usiisome ukatia mafuta ya mandazi," Venanti akasema.

"Usiisome kabisa," Evaline akasema.

Niliisoma. Siku nne za njia, leo kwa miguu, kesho nimepewa lifti juu ya magunia, natua Makere nanoa, natua Mvugwe nanoa. Mimi nasoma kwa kidole na mdomo unatembea, sura moja inanichukua kama kupalilia tuta. Lakini niliingia Buhoro nikashindwa kutoka. Niyo alikuwa akijificha kwenye tangi la maji na mimi nilikuwa naye, nimelowa. Mvugwe, kwa fundi mmoja, nilifika penye homa, nikafunga kitabu nikakaa nikitazama mbele. Yule fundi akaacha kazi akanisogelea.

"Mzee, umepata msiba?"

"Nauahirisha," nikamwambia.

Kibondo nilifika saa tatu asubuhi. Esteri alikuwa nyuma ya kaunta na koti jeupe, anamweleza mtu kwamba dozi ni siku tatu, si mpaka atakapojisikia vizuri. Aliponiona akacheka, mabega yanatangulia.

"Shikamoo babu! Mbona leo umekuja na kitabu badala ya msumeno?"

"Marahaba. Mwakeye," nikamwamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kiha. "Nimetumwa na wazazi wako, nao hawakunituma jambo moja."

Nikampa maharage, ambayo hayakuwa na ubishi. Halafu nikamweleza yote, toka mihogo mpaka Tanga. Akasikiliza ameshika kiuno.

"Baba amenitia kwenye mambo," akasema. "Unajua vijana wa hapa wanakuja dirishani? Dada, eti wewe ndiye Niyo? Mtu ananunua panadol mbili ili anitazame vizuri. Haya, lete nisome."

Alisoma kutwa, katikati ya wateja. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa na watu wakawa wananipa pole. Alicheka peke yake mara kadhaa. Mara moja akapiga kaunta kwa kiganja.

"Jamani baba! Sura nzima mtu ana homa, wanamfunika mablanketi, wanamwombea, hakuna hata mmoja aliyempima malaria! Kipimo si kipo?"

"Ni Buhoro," nikamtetea. "Hawajawahi kuugua."

"Hata kama."

Jua lilikuwa linaelekea kwenye mapaa ya soko alipofunga kauntabuku. Nikanyanyuka kwenye benchi, maana nilikuwa nimeshaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya mtu wa karatasi.

"Babu, mimi kufa kitabuni hakunisumbui," akasema. "Mama ataniwia radhi. Linaloniudhi ni jingine. Niyo alikataa dawa kwa sababu gani?"

"Hataki kuishi milele."

"Siyo. Kasome mwisho wa kitabu cha pili. Alikuta ile picha ya zamani, mwanamke mwenye mikunjo uso mzima, akasema, na mimi nataka kufika hapa. Alikataa dawa kwa sababu anataka kuzeeka. Sasa baba anamuua ana miaka kumi na saba! Atazeeka saa ngapi? Serikali ilimnyima uzee kwa dawa, baba anamnyima kwa homa. Tofauti yao nini?"

Mimi hilo sikuliona. Venanti mwenye kitabu hakuliona. Mwalimu mwenye shahada yake hakuliona. Tulikuwa tunagombania afe au asife, na hakuna aliyemuuliza msichana mwenyewe alikuwa anakwenda wapi.

"Basi mwandikie hivyo," nikasema.

"Baba hawezi kuandika uzee. Hajauona. Hata mimi." Akanitazama, akachomoa kalamu mfukoni mwa koti. "Wewe unao."

"Ninao," nikakiri.

"Unaanzaje?"

Nimeishi miaka sabini na kitu na hilo sijawahi kuulizwa. Ikabidi nifikiri.

"Unaanzia kwa watu wengine," nikamwambia. "Siku moja kondakta anasema, mzee kaa hapa, na wewe unageuka nyuma kumtafuta mzee."

Akaandika.

"Halafu?"

"Halafu ukikaa chini unajisikia ukisema aah, na wala hujaumia popote. Aah inatoka yenyewe. Halafu usingizi unakujia mchana bila kubisha hodi. Halafu unaanza kuwapenda watu uliokuwa ukigombana nao, maana ndio waliobaki wanaokumbuka ulivyokuwa unakimbia."

"Polepole, babu, naandika. Unauma?"

"Unachosha. Lakini asubuhi ukifungua macho unafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani."

Mama mmoja alikuwa amesimama dirishani na mtoto mgongoni, anasubiri.

"Dakika moja tu, mama," Esteri akamwambia bila kuinua kichwa, "namwokoa mtu hapa."

"Masikini. Wa wapi?"

"Buhoro."

"Ndiyo wapi? Huko Kakonko?"

"Mbele kidogo."

Alijaza kurasa nne, akamhudumia yule mama, akanirudishia kauntabuku imefungwa kwa bandeji.

Narudi Heru Juu sikunoa kitu njiani. Nilifika Jumamosi, na habari zikawa zimenitangulia, sijui kwa miguu ya nani. Karakanani alikuwapo Venanti, alikuwapo mwalimu, na Loyce na wenzake watatu wamekaa kwenye maranda. Evaline alikaa kwenye kitanda kipya cha mteja, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa barazani kusikia hukumu. Bandeji aliikata Venanti kwa patasi. Akatazama mwandiko, akaujua, akampa mwalimu asome kwa sauti.

Mwalimu akasoma. Homa inapoa. Niyo anasimama, anarudi mjini, na serikali inamcheka na kumwacha: atachoka mwenyewe, wanasema, atakuja kuomba kikombe. Haji. Miaka inapita. Siku moja sokoni mtu anampa nafasi akae, na yeye anageuka kutafuta ni nani anayepewa nafasi. Anakaa, anasema aah, na soko zima linanyamaza, kwa sababu sauti ile haijasikika Buhoro kwa miaka mia tatu. Halafu unvi wa kwanza. Msichana mmoja anauona, anapiga kelele, na watu wanapanga foleni kuutazama, mmoja mmoja, wanaruhusiwa kuugusa. Mtu wa mia tatu na nne anaugusa, anarudi nyumbani, anakaa kitandani, analia kama aliyenyang'anywa kitu. Kesho yake Waliozidi waliotimiza ishirini wanaitwa mbele ya viongozi, wanapewa vikombe, na mmoja anakimwaga chini. Kisha wa pili. Ukurasa wa mwisho Niyo anapanda kilima taratibu, anasimama mara mbili kupumua, na hana haraka. Basi.

Nilisikia Evaline akivuta pumzi.

"Hakufa," akasema.

"Hakufa," mwalimu akasema.

"Lakini atakufa," Venanti akasema polepole. "Siku yake."

Evaline akamtazama mumewe. Niliogopa. Halafu akacheka, kicheko cha puani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kama amepanda kilima na mvi zake, ana watu wanaomjua, hiyo siku yake mimi siigombi. Mimi mwenyewe naitaka ya namna hiyo. Andika."

"Hakuna hata vita?" Loyce akalalamika. "Serikali inaanguka kwa kumwaga vikombe tu?"

"Nyie kamwageni kikombe cha uji bwenini mbele ya matroni," mwalimu akamwambia, "ndipo mtajua kama si vita."

Venanti alichukua ubao mpya, akaandika sentensi ya mwisho ya kwake, akarudi nyuma hatua mbili, akaipiga randa. Akaandika nyingine, akaipiga randa. Jioni aliweka penseli chini, akanakili kurasa za binti yake kama zilivyo, neno kwa neno. Aliongeza kitu kimoja tu, kule nyuma, sura ya kumi na moja: mtu anampima Niyo malaria.

Kidato cha nne walinakili kitabu chote kwa siku tisa, na walimu wengine hawakufurahi, maana mtihani ulikuwa karibu. Loyce aliondoka na nakala yake kwenda Kagerankanda. Esteri bado anatazamwa dirishani. Venanti aliutia bawaba ule mlango uliokuwa umesimama ukutani, na tangu siku ile hajaandika kitabu kingine. Nikimuuliza anasema mbao zimepanda. Sijui kama ndiyo sababu.

Ila mimi nina jambo moja ninalotembea nalo njiani. Nilimuuliza Venanti, akaanza kutafuta penseli. Nilimuuliza Evaline, akakumbuka ameacha chungu motoni, na chungu chenyewe nilikiona kimeinamishwa uani. Mwalimu alisema ni swali zuri sana, kisha akahamishiwa Singida. Nilipofika tena Kibondo nikamuuliza Esteri mwenyewe, aliyeziandika zile kurasa nne kwa maneno yangu. Akaingia ndani, akaniletea dawa ya kuchua magoti.

Baada ya kukipanda kile kilima, Niyo aliishi miaka mingapi?